Kiti Kilichoamkiwa

Watoto waliamkia kiti, na kiti kikaitika.

Ilikuwa mchana kweupe, Siku ya Nyumba Wazi, kwenye sebule ya juu ya lile jengo la kale ambalo mtaa mzima uliliita Jumba, basi, kana kwamba nyumba nyingine zote ni vibanda. Watoto walikuwa wamesimama mbele ya kamba nyekundu. Nyuma ya kamba kulikuwa na kiti cha mbao nyeusi chenye mgongo mrefu, na juu ya mgongo huo ilitandikwa shali ya Bibi wa Nyumba, mwanamke tajiri aliyeishi humo zamani na kufa bila mtoto. Mwalimu mstaafu, ambaye kwa kawaida ndiye aliyewaongoza wageni, alikuwa ameshuka chooni mara moja, maana umri una mambo yake. Kwa hiyo Mratibu wa shughuli za Jumba ndiye aliyewapa watoto ishara.

"Shikamoo Bibi!" wakaimba watoto.

"Marahaba," ikajibu sauti kutoka kitini.

Sauti kavu ya mtu mzima, isiyo na haraka. Watoto wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mratibu naye akacheka, akiamini ni Mwalimu amejibanza mahali na utani wake wa kizee. Kisha akachungulia dirishani, akamwona Mwalimu chini uani, ananawa mikono bombani na kujifuta kwa suruali.

Mratibu hakumwambia mtu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi kuliko kilo, lakini siku hiyo maneno yalimwishia. Na alikuwa na sababu ya kunyamaza. Kabla hajaja yeye, Jumba lilikuwa la watu wa mbali tu, wanaokuja kupiga picha ngazi na kuondoka. Majirani walilipita kama wanavyopita kaburi la mtu wasiyemjua. Yeye ndiye aliyewafungulia. Jiko la zamani likawa darasa la ushonaji, kwaya ikafanya mazoezi ukumbini, wazee wakapewa alasiri yao ya kupiga soga kwenye baraza ya ndani, na kila mwisho wa mwezi ikawa Siku ya Nyumba Wazi, yenye michezo, hadithi na vicheko mpaka jioni. Jambo kama hilo hulivurugi kwa kusema eti kiti kimeongea.

Tena ule mchezo wa kiti ulikuwa kipenzi cha Mwalimu. Walipoanza kuigiza maisha ya zamani ya Jumba, hakupatikana mwanamke wa kuigiza Bibi wa Nyumba. Kila aliyeombwa alisema hana sura ya kitajiri. Mwalimu akapata wazo. Waache kiti kitupu, watandike shali, na wageni wote wakiingia waamkie, kisha waseme kwa pamoja: "Karibu Bibi, ukae nasi, nyumba ni yako." Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Mwalimu, na heshima si utumwa. Watu wakapenda. Mwezi baada ya mwezi, sauti za mtaa mzima zilikikaribisha kiti kitupu na kukikabidhi nyumba, na hakuna aliyejiuliza ni nani hasa anayekaribishwa.

Baada ya ile marahaba, mambo yakaanza kujitokeza kidogo kidogo. Sebule ya juu ikawa na harufu ya pasi ya mkaa na nguo iliyotiwa wanga, ilhali hapakuwa na pasi wala nguo. Mafundi wa darasa la ushonaji wakawa wakiacha vitambaa vimetupwa ovyo na kuvikuta vimekunjwa, vimelazwa kwenye sakafu kwa mstari, kana kwamba kuna mtu anayewaonyesha namna ya kufanya kazi. Mwimbaji mmoja wa kwaya, mwanamume wa miraba minne, alijikuta amepiga magoti mbele ya mlango wa sebule akisugua kizingiti kwa kitambaa chake cha jasho. Alipoulizwa akasema alidhani ametumwa. Na nani? Hakujua. Akakasirika kwa aibu, akaenda zake.

Lakini yote hayo Mratibu angeyameza, kama lile jambo lisingemgusa mama yake.

Mama yake, mtaa ulimwita Bi Kicheko, kwa sababu alicheka hata penye msiba na hakuna aliyemkasirikia. Alipokuwa binti mdogo alikuwa mtumishi humo humo Jumbani. Alifagia, akafua, akabeba maji ngazi zile zile ambazo leo watu huzipiga picha. Hakulisema sana. Alikuja kwenye alasiri ya wazee kama wenzake, akaketi barazani, akawatania wanaume vipara. Kwenye mchezo wa Mwalimu, watumishi hawakuwemo kabisa, na yeye hakuulizwa wala hakuuliza.

Alasiri moja, katikati ya mzaha, akanyamaza. Akainua uso kuelekea juu.

"Mmesikia?"

"Nini, Bi Kicheko?"

"Kengele."

Wenzake wakatazamana. Kengele ilikuwepo kweli, kengele ndogo ya shaba ambayo Bibi wa Nyumba aliitumia kuitia watumishi. Ilikuwa ndani ya kabati la kioo kwenye sebule ya juu, imefungwa kwa kufuli, na isitoshe ilikuwa haina ulimi ndani. Haikuweza kulia hata ungeitikisa kutwa.

Bi Kicheko akasimama. Mgongo uliokuwa ukimsumbua miaka na miaka ukanyooka, na kwa sauti nyembamba ya mtoto akaitika, "Abee!" Akapanda ngazi mbio.

Walimkuta sebuleni amesimama mbele ya kamba, mikono nyuma, kichwa chini.

Mratibu alimrudisha nyumbani, akamlaza, akajiambia ni uzee. Lakini nyumbani nako ikawa vile vile. Wanakula, mama anaacha tonge hewani: "Abee!" Wanaongea, mama anakatisha neno: "Abee!" Jua likianza kuzama ananyanyuka, anajifunga nguo kiunoni, anatafuta ndoo. Vidole vyake vikawa vimekunjamana na kufa ganzi kama vya mtu aliyefua kutwa nzima, na yeye kutwa nzima alikuwa kitandani. Alianza kunuka wanga.

Jioni moja Mratibu alimkuta amechuchumaa pembeni mwa kochi la sebuleni kwao, kochi la mama mwenyewe, ambalo mtu mwingine akilikalia hufokewa.

"Mama, kaa juu basi. Sakafu ina baridi."

Mama akamtazama kwa macho makubwa yasiyomjua. "Dada," alinong'ona, "usiseme ulinikuta nimekaa. Tafadhali dada. Nitapigwa."

Mratibu akaketi sakafuni karibu naye, akalia. Alilia kwa huzuni kwanza, na halafu, machozi yakiwa bado yanatoka, akalia kwa hasira, na hasira ndiyo iliyobaki.

Kesho yake akamwita mganga. Mwalimu alisema ni aibu kwa mahali pa historia kuingiza mambo ya mkoba. Mratibu akamwambia historia ndiyo inayomtuma mama yake maji, kwa hiyo anyamaze. Mwalimu akanyamaza.

Mganga alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani ya kusomea, asiye na mbwembwe. Alipanda sebuleni na chetezo chake, akakaa kitambo, akateremka. Makaa yalikuwa yamezimika, na si kuzimika tu, yalikuwa yamelowa.

"Kazi yangu ni kufukuza wavamizi," alisema kwa sauti ya chini, akiangalia ngazi. "Huyu hakuvamia. Mmemwita."

"Sisi?" akauliza Mwalimu.

"Mlikuwa mnasemaje mbele ya kile kiti?"

Mwalimu akayasema yale maneno, na kila alivyoendelea sauti yake ikapungua. Karibu Bibi. Ukae nasi. Nyumba ni yako.

"Haya," alisema mganga. "Kilikuwa kijitu kinapita njia, hakina pake. Kikakuta kiti kitupu na umati mzima unakipa heshima. Ungekuwa wewe usingekaa?"

"Kwa hiyo siye marehemu?" Mratibu aliuliza.

"Marehemu kalala. Huyu kavaa shali yake tu. Na sasa anataka kila kinachoendana na shali: nyumba, adabu, watumishi. Amempata wa kwanza, aliyekwisha kufundishwa kuitika." Akavua miwani. "Ushauri wangu, fungeni nyumba. Msiingie tena. Mkimwachia pake, huenda akamwachia mama yako."

Huenda. Neno hilo Mratibu alikwenda nalo nyumbani kama jiwe kwenye kiatu. Kufunga Jumba ni kurudi kule kule: majirani nje, milango imefungwa, na ndani mtu mmoja anayejiona mkubwa. Lakini mama ni mama. Alipofika alikuwa ameshaamua kufunga.

Alimkuta mama yake jikoni anaosha vyombo, akili zimemrudia, anaimba. Vipindi hivyo vya nafuu vilikuwa vimeanza kuwa adimu. Mratibu akamweleza yote bila kuficha.

Bi Kicheko akasikiliza, akafuta sahani, akaiweka.

"Bibi wa Nyumba namjua," alisema. "Alikuwa mkali kama pilipili. Alinipiga. Lakini akishanipiga, jioni alikuwa ananiletea kipande cha mkate mwenyewe na haniangalii usoni. Alikuwa na aibu yule. Hiki kinachoniita hakina aibu hata chembe. Mimi nilijua tangu mwanzo si yeye, ila mwili unaitika kabla yangu."

"Ndiyo maana tunafunga, mama."

"Funga midomo yako kwanza." Akamgeukia. "Ngazi zile nimezipiga deki mpaka magoti yakaota sugu. Leo naingia humo na kukaa barazani kama mtu, halafu uniambie tumwachie kijitu kisicho na pake? Kwa lipi? Alitoa jasho gani?"

"Atakuchukua, mama!"

"Alishaanza kunichukua nikiwa kitandani. Bora anichukue nimesimama." Akaanza kucheka, kile kicheko chake chenyewe, cha tumboni. "Halafu nikwambie kitu. Ile kengele, Mwalimu anawaambiaga wageni ulimi wake uliisha kwa uzee, sivyo?"

"Ndivyo."

"Niliung'oa mimi kwa koleo, siku ninaondoka. Nikautupa chooni. Kwa hiyo hiyo kengele asinitishe nayo. Kengele nilishaiua zamani."

Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana. Walipotulia, mama alisema kwamba mgeni akiitwa hafukuzwi, lakini mgeni naye ana taratibu zake, na waliotunga taratibu hizo hawakuwa wajinga.

Siku ya Nyumba Wazi ikafika, na Jumba likafunguliwa. Habari zilikuwa zimezagaa, watu walikuwa wachache, lakini walikuja. Mafundi wa kushona walikuja. Yule mwimbaji wa miraba minne alikuja, kanuna, akasema anataka kuona nani alimtuma kupiga deki. Mwalimu alikuja amevaa koti lake la harusi. Mganga naye alikuja, akasimama karibu na mlango, ambapo ni rahisi kuondoka.

Wingu zito lilikuwa limetanda tangu asubuhi. Walipoanza kupanda ngazi mvua ikashuka, madirisha yakawa meusi, na ile harufu ya pasi na wanga ikawapokea katikati ya ngazi.

Bi Kicheko alitangulia. Mkononi alikuwa na ufagio.

Mratibu alipouona ufagio akamsogelea. "Mama," alinong'ona, "huo wa nini?"  Shingo ya mama ilikuwa imeanza kuinama.

Ndipo kengele ikalia.

Ililia ndani ya kioo, bila ulimi, kwa sauti safi na kali iliyoingia menoni, na kila mtu pale sebuleni alihisi kitu kimemshika kisogoni na kumbonyeza chini polepole, kama mzazi anayemlazimisha mtoto kusalimia wageni, na vinywa vyao vikaanza kufunguka vyenyewe na ile shikamoo ikaanza kupanda kooni kwao bila ridhaa yao, huku shali iliyokuwa imelala kwenye mgongo wa kiti ikianza kujaa taratibu, bega hili, kisha bega lile, kisha kitu mahali pa shingo, na mbao za kiti zikilia kwa uzito wa mwenye kukaa vizuri, na Mwalimu, maskini, machozi yakimtiririka, akawa wa kwanza kutamka, "Shi...", na juu ya kila kitu ile sauti kavu isiyo na haraka ikaita jina la utotoni la Bi Kicheko, jina ambalo hata binti yake hakuwahi kulisikia.

"Abee," akaitika Bi Kicheko. Sauti ya mtoto.

Akavuka kamba nyekundu. Mratibu alitaka kumshika, miguu ikagoma. Bi Kicheko akasogea, kichwa chini, ufagio mkononi, mpaka akafika mbele ya kiti. Magoti yake yakaanza kukunjika. Yalikunjika nusu, yakasimama hapo, yakitetemeka, na ilionekana wazi kwamba mtu mzima na mtoto wanagombania mwili mmoja.

Kisha akanyooka. Si haraka; mgongo wake wa siku zote ulikuwa umerudi, na maumivu yake, na alinyooka huku akiguna.

"Umefika lini?" aliuliza. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Mlio wa kengele ukakatika.

"Nakuuliza wewe uliyekaa. Bibi wa Nyumba alikuwa na aibu, wewe huna, kwa hiyo wewe si mwenyeji. Ni mgeni. Sawa, tulikukaribisha, hatukatai, watu wa hapa wana midomo myepesi. Umekula heshima zetu, umelala kwenye sebule yetu, umetuma watoto wa watu. Sasa mimi nakumbuka tuliambiwaje." Akageuka kidogo. "Mwalimu! Mgeni siku mbili, siku ya tatu je?"

Mwalimu alifungua kinywa. Ile shikamoo ilikuwa bado imemkwama kooni. Akaimeza kwa shida kama mfupa.

"Mpe jembe," alisema.

"Sijakusikia!"

"Mpe jembe!" akapiga kelele Mwalimu, na mafundi wa kushona wakaitikia nyuma yake, na yule mwimbaji akaitikia kwa sauti iliyotikisa vioo.

"Shamba hatuna," alisema Bi Kicheko, "ila nyumba ni kubwa na watu wanaingia na viatu." Akaunyoosha ufagio mbele, mpini ukielekea kwenye shali. "Shika. Au toka. La tatu halipo."

Hakuna aliyeweza kueleza vizuri kilichofuata. Wengine walisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, wengine kilio. Kioo cha kabati kilipasuka. Mratibu, ambaye miguu ilikuwa imemrudia na alikuwa ameshafika ubavuni kwa mama yake na kumshika mkono, aliona shali ikinywea, bega hili, kisha bega lile. Na aliuhisi ufagio, kupitia mkono wa mama yake, ukivutwa. Ulivutwa mara moja, kwa hasira, ukaondoka.

Ufagio haukuanguka. Ukawa haupo.

Bi Kicheko akaichukua shali, akaikung'uta, akamtupia binti yake. Kisha akageuka, akajishusha polepole kwenye kile kiti ambacho hakuwahi kukikalia maisha yake yote. Miguu yake haikufika chini.

"Kigumu," alisema. "Kumbe ndiyo maana alikuwa na hasira." Akacheka, na watu wote wakacheka hadi wengine wakakaa sakafuni, na mvua ikapiga madirisha. "Nani mwingine amechoka? Njooni mkae, kwa zamu."

Wakakaa mmoja mmoja, mafundi, kwaya, hata mganga. Kamba nyekundu haikurudishwa tena, na kwenye mchezo mpya aliouandika Mwalimu kiti hakiamkiwi. Anaamkiwa Bi Kicheko, naye hukaa na kusimulia alivyoua kengele. Mama hakuitika tena asipoitwa. Vidole vyake vilikauka, na mtu akikalia kochi lake anamfokea kama zamani.

Asubuhi moja, wiki chache baadaye, Mratibu alifika Jumbani akamkuta mlinzi nje ya lango, amebeba mfuko wake wa nguo.

"Mimi naacha kazi, dada," alisema. "Leo tena nimekuta uani kumefagiwa. Lango nimelifunga mwenyewe. Kila siku kumefagiwa!"

"Kumefagiwa vizuri?"

Mlinzi akamkodolea macho.

Mratibu akaingia peke yake. Ua ulikuwa safi, mistari ya ufagio imechorwa mchangani, na hapakuwa na unyayo hata mmoja. Harufu ya wanga ilikuwa hafifu sana. Akatamani kukimbia, hakukimbia. Akatoa simu akampigia mama yake.

"Mama, hajatoka. Alichagua kushika."

Upande wa pili kicheko cha tumboni kikaanza. "Na ngazi je? Anafagia?"

Mratibu akaenda kutazama. Ngazi zilikuwa na vumbi na nyuzi za mafundi.

"Ngazi bado."

"Mwambie."

Akakata simu. Akasimama chini ya ngazi, akaangalia juu kwenye giza la sebule. Nje, sauti za mafundi wa kushona zilikuwa zinakaribia langoni, wanataniana.

"Na ngazi," alisema kwa sauti kubwa. "Wenyeji wameshafika."

 Kisha, kutoka kwenye ngazi ya juu kabisa, kwa kusitasita, kama mtu ambaye hajawahi kushika ufagio maishani mwake, kitu kikaanza kufagia.